Mchuuzi na Kuyumba kwa Bei

Katika masoko ya Kigoma na Ujiji husikika sentensi mbili ambazo mwanafunzi wa sarufi angefaa kuziweka pamoja na kuzitazama kwa makini. Mchuuzi akipata faida husema, "Nimeuza vizuri." Akipata hasara husema, "Bei imeanguka." Katika sentensi ya kwanza kiambishi cha nafsi ni chake mwenyewe, mtendaji ni yeye, na sifa ya kitendo yamrudia yeye. Katika sentensi ya pili mtendaji ni bei. Mchuuzi ametoka ndani ya sentensi kama mtu atokaye nyumbani kwa mlango wa uani wakati mdai wake anabisha hodi mbele.

Si haki kusema kuwa sentensi ya pili ni ya uongo. Bei huanguka kweli, na mara nyingi huanguka bila ya mchuuzi kuisukuma. Lakini kuna jambo lililo kati ya kuisukuma bei na kushangazwa nayo, na jambo hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa. Mtu aweza kuwa hana uwezo wowote juu ya mvua, na bado akawa na wajibu wa kujua kwamba mvua hunyesha. Swali ni hili: mchuuzi awajibika kwa kiasi gani kwa mambo ambayo hakuyatenda, lakini aliweza kuyakadiria?

Mahali pazuri pa kuliuliza swali hili ni Buzebazeba, moja ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ambako, kama katika kata nyingine za mji ule, jamaa wengi hutegemea mkono wa mama anayechuuza dagaa, mawese, nyanya au mihogo. Mtaji huko ni mdogo, na aghalabu si wa mtu mmoja. Nusu ni wa mchuuzi, robo ni wa shoga yake, na sehemu iliyobaki imetoka katika upatu au kwa jirani aliyeuza mbuzi. Hapo ndipo ukadiriaji unapoacha kuwa hesabu ya kichwa cha mtu mmoja.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani taa ilikuwa ni karabai. Siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua zimechukua nafasi yake. Dagaa huufuata mwanga wakakusanyika chini yake, na wavu huinuliwa. Mbalamwezi inapoenea juu ya maji, taa ya mvuvi hupoteza heshima yake. Dagaa hawakusanyiki, na vyombo vingi hubaki ufukoni kwa siku kadhaa, nyavu zikishonwa na wavuvi wakilala. Basi kila mwezi una giza lake na una mbalamwezi yake, na bei ya ndoo ya dagaa wabichi hupanda na kushuka kwa kufuata mwendo huo. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Haujapata kuchelewa, wala haujapata kuahirishwa na mtu yeyote. Mchuuzi asemaye kwamba bei ya mbalamwezi ilimjia ghafla asamehewe mara moja tu, mwaka wake wa kwanza.

Mvua ina tabia ngumu zaidi. Dagaa huanikwa juani, juu ya mchanga, juu ya changarawe au juu ya vichanja vya waya, na siku moja ya jua kali yaweza kutosha. Mvua ikinyesha wakiwa nusu wakavu nusu wabichi, huanza kunuka, na mzigo uliokuwa chakula cha watu hugeuka chakula cha kuku kwa bei ya chakula cha kuku. Ajabu yake ni kwamba mvua hiyo hiyo huzisukuma bei mbili pande mbili mbalimbali. Mwaloni dagaa wabichi huwa rahisi, kwa sababu wachuuzi wanaogopa kununua kitu ambacho huenda hawatakikausha. Tabora au Dar es Salaam dagaa wakavu huwa ghali, kwa sababu waliofika ni wachache. Mwenye kuitazama tofauti ya bei hizo mbili huona faida nono, akasahau kwamba faida ile ndiyo malipo ya hatari yenyewe. Anunuaye mwezi Machi hanunui dagaa peke yao. Ananunua na mawingu.

Kwa ufupi, kupanda na kushuka huku kutaitwa hapa myumbo. Wachuuzi wengi huujua myumbo kwa mwili kabla ya kuujua kwa akili, kama baharia ajuavyo wimbi kwa miguu yake. Lakini wanapoulizwa biashara ikoje, hutoa jibu la aina moja tu: hutaja wastani. "Kwa mwezi napata hivi." Na wastani ni nusu ya habari. Chukua wachuuzi wawili na siku tano za soko. Wa kwanza ameuza ndoo kwa shilingi 9,000, 9,500, 10,000, 10,500 na 11,000. Wa pili ameuza kwa 4,000, 7,000, 10,000, 13,000 na 16,000. Wastani wa wote wawili ni 10,000, na mtu akiuliza kwa haraka ataambiwa kwamba biashara zao ni sawa. Lakini pima umbali wa kila siku na ule wastani: bei za wa kwanza zimeachana nao kwa shilingi 600 kwa kila siku, na za wa pili kwa shilingi 3,600. Myumbo wa pili ni mara 6 ya ule wa kwanza. Wa kwanza aweza kukopa na kulala usingizi. Wa pili, akikutana na ile siku ya 4,000 mwanzoni mwa juma kabla hajaweka akiba, huenda asiifikie ile ya 16,000 kabisa. Wastani huhesabiwa na mtu aliyebaki sokoni. Aliyefilisika siku ya kwanza hakuwapo kuugawia.

Hesabu hii haihitaji chuo. Yahitaji daftari, kalamu na uaminifu, na katika vitu hivyo vitatu, kile cha tatu ndicho kilicho adimu, maana ni vigumu mtu kuiandika siku yake mbaya kwa wino ule ule aliouandikia siku njema.

Palikuwa na mchuuzi mmoja wa Buzebazeba, mwanamke wa makamo, ambaye bibi mmoja mjane, jirani yake, alimkabidhi shilingi 300,000. Walikubaliana kwamba kila mwezi bibi atapata 60,000, na mtaji utabaki pale pale. Mchuuzi hakusema uongo. Alikuwa ameyatazama mambo ya mwaka uliopita, na kwa wastani mtaji wa kiasi kile ulizaa hivyo. Alichokiacha ni kwamba katika mwaka ule ule kulikuwa na mwezi uliozaa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na miezi iliyokula mtaji. Miezi miwili ya kwanza bibi alipokea 60,000 zake bila kuuliza zinatoka wapi. Swali la mvua halikumjia wakati wa jua. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na mzigo mzima ukauzwa kwa wafuga kuku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Bei imeanguka, bibi. Mvua imetuharibia kila kitu. Ni kazi ya Mungu."

"Pole sana, mwanangu. Mvua ni ya Mungu, na Mungu simdai. Lakini wewe uliyezaliwa hapa hapa, mvua ya mwezi wa tatu ulikuwa huijui?"

Mchuuzi alinyamaza. Kisha akasema, "Niliijua, bibi. Lakini kama ningekwambia, usingenipa."

Jibu lile linastahili heshima, kwa maana ni wachache wanaolitoa. Laonyesha mahali hasa kosa lilipokaa. Halikukaa katika kununua dagaa mwezi Machi. Watu hununua dagaa mwezi Machi, na wengine hupata. Wala halikukaa katika kukosea makadirio, kwa kuwa makadirio yalikuwa sahihi. Lilikaa katika kuutoa wastani na kuuficha myumbo. Fedha za bibi ziliwekwa katika hatari ambayo mwenye fedha hakuijua na mwenye kuzitumia aliijua. Na ujuzi ule ulikuwa ni mali, nao haukugawanywa.

Ujiji ni mji wa Waislamu wa miaka mingi, na neno la kwamba bei ni ya Mungu si la kupuuzwa huko, kwa sababu lina asili katika mapokeo. Yasimuliwa kwamba watu wa Madina walimwendea Mtume kumwomba awawekee bei vitu vilipopanda, naye akakataa, akisema kwamba mwenye kuweka bei ni Mwenyezi Mungu. Wachuuzi wengi wanaijua habari hii. Lakini katika mapokeo hayo hayo iko habari ya pili isiyotajwa mara nyingi sokoni: Mtume alipita penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema kwamba imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Habari hizi mbili zikisomwa pamoja hugawa mzigo kwa uangalifu mkubwa. Muuza nafaka hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa mpangilio wa chungu yake.

Wanasheria wa Kiislamu nao wameligusa jambo hili katika mlango wa mudharaba, yaani mmoja atoe mali na mwingine atoe kazi. Faida hugawanywa kwa sehemu waliyoafikiana. Hasara ya mali humwangukia mwenye mali, na mwenye kazi hupoteza jasho lake, isipokuwa kama alizembea au alivunja sharti. Lakini mwenye kazi hana ruhusa ya kuahidi kiasi maalumu cha faida. Mchuuzi wa Buzebazeba alipotamka zile 60,000 za kila mwezi, aliutoa mkataba wake katika ushirika akaufanya kama mkopo, na mkopo hulipwa hata mvua ikinyesha. Kama angesema, "Bibi, mwezi mwingine nitakuletea zaidi, na mwezi mwingine huenda nikala mtaji wako," hasara ingekuwa ya bibi kwa haki kabisa. Maneno machache yasiyosemwa yaligharimu shilingi 300,000, na yalilipwa kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Msomaji asidhani kwamba udhaifu huu ni wa watu wasiosoma. Mwanahisabati wa Kifaransa, Louis Bachelier, alitoa tasnifu yake huko Paris mwaka 1900, akaonyesha kwamba mwendo wa bei waweza kupimwa kwa hisabati ya bahati nasibu. Mwaka 1963 Benoît Mandelbrot aliyachunguza mabadiliko ya bei za pamba, akaona kuwa miruko mikubwa hutokea mara nyingi kuliko kipimo cha kawaida kinavyokubali. Mwaka 1982 Robert Engle alionyesha njia ya kupima jambo ambalo mvuvi yeyote angeliafiki, kwamba utulivu hufuatana na utulivu na dhoruba hufuatana na dhoruba. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Na katikati ya elimu yote hiyo, mwaka 1998, mfuko wa Kimarekani uitwao Long-Term Capital Management, ambao miongoni mwa washirika wake walikuwamo Myron Scholes na Robert Merton, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu kabla, ulianguka kwa kishindo hata kundi la mabenki likalazimika kuingiza dola bilioni 3.6 ili usiwaangukie wengine. Vipimo vyao vilikuwa vya hali ya juu. Siku walizopimia zilikuwa za shwari. Na fedha walizotumia, kwa sehemu kubwa mno, zilikuwa za kukopa. Bibi wao walikuwa mabenki. Maelezo yaliyotolewa baadaye, kwamba soko lilikwenda kinyume cha kawaida, ni "bei imeanguka" iliyovaa joho la udaktari.

Wala Ujiji haikungoja wataalamu hao ili ijue kwamba myumbo una thamani. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika huko mwaka 1874 alikuta soko likiendeshwa kwa shanga ziitwazo sofi, zifananazo na vipande vya shina la kiko. Asubuhi walikuja watu na mifuko yao ya sofi, wakawabadilishia wanunuzi waliokuja na shanga za namna nyingine. Soko lilipofungwa walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, na walipata faida asubuhi na jioni. Watu wale hawakuuza samaki wala mtama. Waliuza uhakika: kwamba shanga ya mgeni, ambayo haikujulikana itapokewa na nani, igeuke shanga inayopokewa na kila mtu siku ile. Hiyo ni kazi ya halali, na bei yake ilikuwa wazi mbele ya macho ya wote.

Lakini mji ule ule ulikuwa kituo cha biashara nyingine, na mtu akiitaja habari ya sofi akaiacha hii, atakuwa ameipanga chungu yake kwa hila. Misafara ya pembe za ndovu iliondoka pwani kwa mali ya mkopo. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikopeshwa na tajiri wa Zanzibar, Taria Topan, na safari zake zilichukua miaka. Hakuna aliyeweza kujua pembe zingefika pwani zikute bei gani. Myumbo wa miaka mingi namna hiyo ulibebwa na nani? Juu ya karatasi ulibebwa na mkopaji na mkopeshaji. Kwa kweli ulishushwa ukawekwa juu ya watu waliotekwa, ambao walipita Ujiji wakihesabiwa kuwa ni sehemu ya bidhaa. Pembe ikipungua, watu waliongezwa. Hasara aliyoikwepa mkubwa ilitua mabegani mwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa katika hati yoyote. Kila inaposemwa kwamba biashara fulani haina hasara, yafaa kutafuta ni nani aliyeachwa nje ya hesabu.

Yapo pia mambo yasiyokadirika, na ni dhuluma kumdai mchuuzi kama kwamba aliyajua. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo bandari ile imekuwa mlango wa Burundi na mashariki ya Kongo. Furaha na msiba wa nchi hizo huingia sokoni Kigoma bila pasipoti. Mwishoni mwa Julai 1996, baada ya mapinduzi ya kijeshi Bujumbura, nchi za jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, na havikusimamishwa mpaka Januari 1999. Mtu aliyekuwa na mzigo wa Bujumbura majuma mawili kabla hakuwa mzembe. Daftari lake lingekuwa na miaka 10 ya bei zilizoandikwa kwa uaminifu, lisingemwambia neno. Hapa bibi hana la kuuliza isipokuwa moja: je, ulikuwa umeniambia kwamba biashara yako inavuka mpaka?

Katika kugawa lawama, mkopeshaji naye asiachwe akae kivulini. Siku hizi ipo mikopo midogo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na rejesho lake aghalabu ni la kila wiki, wakati mwingine la kila siku. Mwezi una siku 29 na nusu. Mkopo una siku saba. Katika wiki ya mbalamwezi mchuuzi wa dagaa hana cha kununua wala cha kuanika, na rejesho linamngoja mlangoni. Mkopeshaji anayeujua mji wa Kigoma anaijua mbalamwezi. Akiandika mkataba kana kwamba haipo, naye ameuficha unyevu chini ya chungu, tofauti ni kwamba yeye ndiye anayeuza fedha na si nafaka. Mama akishindwa huchukuliwa kitanda au televisheni, na husemwa kwamba ni mzembe. Uzembe ule uliandikwa kwa mashine kabla ya yeye kutia sahihi.

Jambo gumu zaidi lilikuja mwaka 2024. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikuwa zimeafikiana kusimamisha uvuvi kwa muda ili samaki wazaliane, na upande wa Tanzania ziwa lilifungwa tangu Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka ule. Hapakuwa na siri: tarehe zilitangazwa mapema, na kupanda kwa bei katika ukavu ule kuliweza kukadiriwa na mtoto wa shule. Basi hapa pana myumbo ambao kila mtu aliujua sawasawa, na ukadiriaji haukumtenganisha mwerevu na mjinga. Kilichowatenganisha ni ghala. Mwenye mtaji wa magunia 200 aliweza kununua kabla ya Mei na kungoja. Mwenye mtaji wa gunia moja alijua yote aliyoyajua yule wa magunia 200, na bado alipaswa kuliuza gunia lake wiki ile ile, kwa kuwa watoto hula kila siku. Kumwambia mtu huyu kwamba angekadiria vizuri ni kumtukana. Na yule wa ghala, je, alilinda soko lisikose dagaa kabisa, au aliwafungia watu chakula wakati wa shida? Jibu hutegemea alifungua ghala lini na kwa bei gani, na hilo daftari lake laweza kulieleza kama aliliandika.

Kwa mchuuzi mdogo, miezi mitatu bila dagaa hupimwa kwa alicho nacho zaidi ya dagaa. Mwenye michikichi michache ana pa kushika, kwa maana mawese huweza kukaa ndani ya dumu kwa miezi bila ya kuharibika, na myumbo wake ni wa taratibu. Asiye nayo hutembeza nyanya na mihogo asubuhi, na jioni hupita nyumba kwa nyumba kuwaomba wenye fedha zao wangoje mpaka Agosti.